Usugu wa Dawa: Msimtwike Mgonjwa Mzigo Usio Wake

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, ulimwengu huadhimisha wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kinachotufikia sisi wa chini, kupitia mabango ya zahanati, vipindi vya redio na mawaidha ya kwenye maduka ya dawa, ni wimbo mmoja: usugu umeletwa na mgonjwa. Alinunua vidonge vya rangi mbili bila cheti cha daktari. Alimeza siku mbili, akapata nafuu, akaacha. Vilivyobaki akampa jirani. Bakteria waliosalia mwilini mwake wakaizoea dawa, na sasa taifa zima linalipa gharama ya uzembe wake.

Wimbo huu umerudiwa mno hata wanaosimangwa ndani yake wanauitikia. Mwulize mama anayesubiri zamu yake kwenye zahanati wilayani Kaliua, mkoani Tabora, kwa nini dawa zimeanza kushindwa. Atakujibu kwamba ni sisi wenyewe, hatumalizi dozi. Ameshahukumiwa, na hukumu ameipokea kabla ushahidi haujasikilizwa.

Naipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Anao, na nitaueleza. Ninachosema ni kwamba usugu haukuzaliwa mwilini mwake, haukuzaliwa Kaliua, wala haukuzaliwa karne hii au iliyopita. Umo ardhini tangu kabla ya binadamu kuwapo, ukiishi pamoja na dawa zenyewe. Anayelificha jambo hilo anawabebesha wanyonge kosa lisilo lao, na papo hapo anawapa nafasi ya kupumzika wale wanaopaswa kuulizwa maswali magumu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Tuanze na udongo. Novemba ndio mwezi ambao aghalabu mvua za kwanza huigonga ardhi ya Kaliua baada ya miezi ya kiangazi. Wakulima wa tumbaku wana miche ya kuhamishia shambani, na harufu ya udongo mkavu uliolowa inajaa hewani. Sehemu kubwa ya harufu ile ni kemikali iitwayo jeosmini, na watengenezaji wake wakuu ni bakteria wa udongo wa jenasi ya Streptomyces. Kila anayeishi Kaliua ameshawanusa, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba hawa ndio wenye dawa. Zaidi ya nusu ya antibiotiki za asili zinazojulikana zimetoka kwa Streptomyces na jamaa zake wa karibu.

Mwaka 1943, kijana aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, alimtenga Streptomyces griseus kutoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi. Kitu alichokitoa bakteria huyo kiliwaua vimelea vya kifua kikuu. Dawa hiyo, streptomaisini, ilitangazwa mwaka 1944, na mwaka 1952 Waksman akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya hapo dunia nzima ilichimba udongo. Kloramfenikoli ilitoka katika udongo wa shamba karibu na Caracas, Venezuela. Dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini ilitoka katika udongo wa Missouri na kutangazwa mwaka 1948. Erithromaisini ilitoka katika udongo wa Iloilo, Ufilipino, uliopelekwa na daktari Abelardo Aguilar mwaka 1949. Bakteria aliyetupatia rifampisini aliokotwa katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa mwaka 1957.

Haya si mambo ya mbali na sisi. Majaribio makubwa yaliyothibitisha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu yalifanyika Afrika Mashariki, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Wagonjwa wetu ndio waliopima mchanganyiko wa streptomaisini, rifampisini na wenzake kwa niaba ya dunia nzima. Na mfugaji wa Kaliua anayemchoma ng'ombe sindano ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, anatumia kitu ambacho asili yake ni Streptomyces rimosus, bakteria mwingine wa udongo.

Sasa jiulize swali ambalo mabango hayaliulizi. Kama bakteria ndiye anayetengeneza sumu ya kuua bakteria, kwa nini yeye mwenyewe hafi?

Mtazame griseus kwa karibu. Haishi kama vidonge vidogo vinavyogawanyika vipande viwili. Hujenga nyuzi nyembamba zinazotambaa katikati ya chembe za udongo, zikifyonza mabaki ya majani na mizizi. Chakula kikipungua, nyuzi za zamani huanza kujimeng'enya ili kuzilisha nyuzi mpya zinazochomoza juu kubeba mbegu. Wakati huo wa njaa na wa kuzaa, bakteria wa koloni hilo huwa wamejaza pembeni mwao molekuli ndogo ya kuarifiana, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1960. Ikifika kiwango fulani, ambacho ni kidogo mno, jeni za kutengeneza streptomaisini huamka.

Streptomaisini huua kwa kuingia kwenye ribosomu, pale ambapo seli hutengenezea protini, na kuvuruga kazi. Griseus naye ana ribosomu. Akiiacha dawa yake iwe huru ndani ya seli, ajiandae kufa. Kwa hiyo haiachi huru. Anaitengeneza ikiwa tayari imefungwa kufuli: kipande cha fosfeti kimebandikwa mahali maalumu kwenye molekuli, na ikiwa hivyo haiwezi kudhuru. Inatolewa nje ikiwa imefungwa, na huko nje kimeng'enya kingine hukibandua kile kipande, dawa ikawa kali. Ikitokea baadhi ya dawa kali ikarudi ndani, kimeng'enya cha kubandika fosfeti kinaisubiri na kuifunga tena. Jeni ya kimeng'enya hicho imekaa palepale kwenye kundi la jeni zinazotengeneza streptomaisini, bega kwa bega.

Kimeng'enya hicho ndicho usugu. Mtengenezaji wa dawa hawezi kuishi bila usugu dhidi ya dawa yake, kwa hiyo umri wa viwili hivi ni mmoja. Mwaka 1973 Raoul Benveniste na Julian Davies walionyesha kwamba vimeng'enya wanavyotumia Streptomyces kuzima dawa za jamii ya streptomaisini hufanya kazi kwa namna ileile ya vimeng'enya vilivyopatikana kwa bakteria sugu wa hospitalini. Walipendekeza kwamba asili ya silaha za hospitalini huenda ni udongo. Ni zaidi ya nusu karne sasa tangu jambo hilo liandikwe, na bado bango linamwambia mama wa Kaliua kwamba ni yeye.

Ushahidi haukuishia hapo. Mwaka 2006 kikundi cha Gerard Wright cha Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichunguza bakteria 480 wa udongo dhidi ya dawa 21. Kila mmoja wao alikuwa sugu kwa dawa kadhaa, kwa wastani saba au nane. Mwaka 2011 watafiti walipata jeni za usugu katika udongo wa Yukon uliogandishwa kwa miaka 30,000, zikiwemo za kupambana na tetrasaiklini, jamii ya penisilini na vankomaisini. Mwaka 2012 walichunguza bakteria wa pango la Lechuguilla, New Mexico, eneo lililotengwa na dunia ya juu kwa zaidi ya miaka milioni nne. Baadhi yao walihimili dawa 14 za madukani. Nani aliacha dozi pangoni?

Na kama bado unasita, chukua penisilini, ambayo inatokana na ukungu. Desemba 1940 Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walichapisha taarifa ya kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu penisilini. Wakati huo timu yao haikuwa imemtibu mgonjwa hata mmoja. Mgonjwa wao wa kwanza, polisi aitwaye Albert Alexander, alichomwa sindano ya kwanza Februari 1941. Alianza kupona. Kisha dawa ikaisha, hata walipoikusanya tena kutoka katika mkojo wake haikutosha, na Machi akafariki. Usugu ulitangulia mgonjwa. Na mgonjwa huyo wa kwanza hakumaliza dozi kwa sababu dawa haikuwepo, sababu ileile inayowafanya wengi wa vijijini wasimalize hadi leo: zimeisha zahanati, na fedha ya kununua dukani imeishia kwenye nauli.

Wapo watakaoniambia: basi ukisema usugu ni wa asili unawapa watu ruhusa ya kumeza ovyo. Kama ulikuwepo miaka milioni, tutafanya nini? Hoja hiyo inastahili jibu, kwa sababu hapo ndipo kiini cha jambo kilipo.

Jeni za usugu kuwepo ardhini si balaa. Zilikuwepo zama zote na watu hawakufa kwa ajili yake, kwa kuwa zilikaa kwa bakteria wasiotudhuru, zikiwa zimetawanyika, kila moja kwenye kazi yake. Balaa ni safari. Kaliua iko katika ukanda ambao misafara ya karne ya 19 ilipita kutoka Bagamoyo, kupitia Unyanyembe, kuelekea Ujiji. Misafara hiyo haikubeba pembe na nguo tu. Ilibeba ndui na kipindupindu. Hata funza, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye alishuka Angola mnamo 1872, aliwafuata wasafiri akavuka bara zima na kufika pwani ya mashariki kabla karne haijaisha. Funza hakuzaliwa na mpagazi aliyechomwa unyayoni. Aliletwa na njia, na mpagazi alikuwa wa kwanza kuumia kwa sababu alitembea pekupeku.

Jeni ya usugu nayo ina mpagazi wake, na anaitwa plasmidi. Ni duara dogo la vinasaba ambalo bakteria mmoja humpitishia mwenzake, hata wasipokuwa jamii moja. Humo hupakiwa jeni moja, mbili, tano, kila moja ya dawa yake, na mzigo wote huhama kwa mkupuo. Mwaka 2012 Kevin Forsberg na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba bakteria wa udongo wasio na madhara wana jeni za usugu dhidi ya jamii tano za dawa, zikifanana herufi kwa herufi na zile za vimelea vinavyosababisha magonjwa kwa watu. Maana yake ni kwamba mpaka kati ya shamba na wodi unavukwa.

Mfano ulio karibu nasi ni jeni za CTX-M, zinazovunja dawa kama seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana hospitalini kwetu. Asili yake inajulikana: zilihama kutoka kwa Kluyvera, bakteria wa mazingira anayeishi majini na udongoni na ambaye mara chache sana humdhuru mtu. Leo hii aina iitwayo CTX-M-15 imeripotiwa kwa wingi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako reli kutoka Tabora inafika ziwani. Katika Hospitali ya Muhimbili, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walionyesha kwamba watoto walioambukizwa damu na bakteria sugu wa jamii hii walikufa kwa wingi zaidi, kwa kuwa dawa waliyopewa haikuwagusa bakteria hao. Katika dunia nzima, mwaka 2019 peke yake, vifo milioni 1.27 vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu. Jambo hili si dogo, na kwa kuwa si dogo, hatuwezi kumudu kulielewa vibaya.

Nani basi aliifungua njia? Sisi sote, kwa kumwaga tani na tani za antibiotiki duniani tangu miaka ya 1940: hospitalini, katika mabanda ya kuku na nguruwe, machungani, hata mashambani. Nchini Marekani streptomaisini imepuliziwa miti ya matunda na hata miche ya tumbaku, zao hilohilo linalolimwa Kaliua. Dawa huua wanaoathirika na kuwaachia nafasi wenye jeni. Na mgonjwa aliyeacha vidonge vitano kwenye bahasha ni tone katika mto huo.

Hapa pana kosa la pili la mabango, nalo ni kutufundisha kwamba antibiotiki ni risasi: ama inaua, ama haifanyi kitu. Udongo unatuambia vingine. Wanasayansi wamebishana kwa miongo mingi kama Streptomyces hutumia dawa zake kupigana au kuwasiliana. Waksman mwenyewe hakuamini kwamba zina kazi kubwa huko udongoni. Kilichothibitika ni kwamba kwa kiasi kidogo, kisichoua, dawa hizi hubadilisha mwenendo wa bakteria wanaokutana nazo. Mamia ya jeni huwashwa na kuzimwa. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba kiasi kidogo cha tobramaisini, dawa ya ukoo wa streptomaisini, huwafanya bakteria wa Pseudomonas wajenge utando mzito na kujificha humo, ambako dawa huwapata kwa shida. Na mwaka 2008 watafiti walipata bakteria wa udongo wanaoweza kuifanya antibiotiki kuwa chakula chao pekee.

Ukilielewa hilo, utayaona mabaki ya dawa kwa jicho jingine. Ng'ombe akichomwa OTC, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwenye mkojo na mavi ikiwa bado nzima. Mavi hayo ndiyo samadi. Samadi inakwenda kwenye bustani ya mchicha na nyanya bondeni, ikibeba vitu viwili kwa pamoja: mabaki ya dawa yanayowaamsha bakteria wa udongo, na bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wenye plasmidi tayari. Bonde hilohilo lina kisima. Watoto wanateka maji hapo. Katika maelezo haya yote mgonjwa hajatajwa bado, na njia imeshakamilika.

Sitaki kusema zaidi ya ninavyoweza kuthibitisha, kwa hiyo nitaje utafiti uliofanyika nchini mwetu. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa kaya 425 za kaskazini mwa Tanzania, za Wamaasai, Waarusha na Wachaga. Bakteria zaidi ya 62,000 walichukuliwa kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Sura ya usugu ilifanana kila mahali: kwa mtu na ng'ombe, kwa mnyama wa porini na maji ya kunywa. Mnyama wa porini hajawahi kukanyaga duka la dawa. Watafiti walihitimisha kwamba kudhibiti matumizi ya dawa peke yake hakutoshi katika mazingira kama yetu, lazima pia kuzuia bakteria kupita kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine. Mwaka 2018 utafiti uliolinganisha nchi nyingi ulifikia mahali hapohapo kwa njia nyingine: nchi zenye miundombinu mibovu ya maji na usafi na utawala dhaifu ndizo zenye usugu mwingi, hata zikiwa hazitumii dawa nyingi kuliko nyingine.

Sasa niutaje wajibu wa mgonjwa, maana nimeahidi. Upo ugonjwa mmoja ambao mahubiri ya kumaliza dozi ni ya kweli mia kwa mia: kifua kikuu. Kimelea chake hakipokei jeni za usugu kutoka udongoni. Hubadilisha vinasaba vyake chenyewe, humohumo kifuani mwa mgonjwa, na kila dawa inayotumika peke yake au inayokatishwa hukipa nafasi. Ndiyo maana hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa miezi ile yote. Anayemeza dawa za TB amalize, na asidanganywe na nafuu ya mwezi wa pili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ulijengwa juu ya kanuni hiyo na ukawa mfano kwa dunia. Lakini ulifanikiwa kwa nini? Kwa sababu haukumwachia mgonjwa peke yake. Serikali ilihakikisha dawa ipo, hadubini ipo, na yupo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza. Kwanza mfumo ulitimiza sehemu yake, kisha ukamdai mgonjwa yake.

Kosa ni kulichukua fundisho la TB na kulibandika kwenye kila kikohozi na kila kuhara. Kwa maambukizi mengi ya kawaida, bakteria sugu wanaotusumbua, kama E. coli na Klebsiella, wanakaa tumboni hata kwa mtu mzima wa afya, na kila siku ya ziada ya dawa huwapa nafasi ya kuongezeka. Mwaka 2017 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba ushahidi wa kudai kwamba kukatisha dozi ndiko kunakoleta usugu, nje ya magonjwa kama TB, haupo. Hawakusema mgonjwa ajikatie dozi mwenyewe. Muda wa dawa unapangwa na mtaalamu aliyemwona, na mgonjwa afuate. Walichosema ni kwamba dawa isiyohitajika ndiyo hatari kubwa zaidi, hata ikimezwa hadi kidonge cha mwisho. Mtoto mwenye mafua ya virusi anayemaliza siku saba za amoksilini amemaliza dozi kwa utiifu wote na hajapata faida yoyote.

Na kwa nini alipewa? Kwa sababu hapakuwa na namna ya kujua. Ili ujue kwamba homa hii ni ya bakteria, na kwamba bakteria huyo anasikia dawa gani, unahitaji maabara ya kuotesha vimelea, yenye vifaa, umeme usiokatika na mtaalamu. Bila hiyo, mganga wa zahanati anabahatisha, na kubahatisha kwa usalama ni kuandika dawa kali zaidi. Muuzaji wa duka la dawa muhimu naye anabahatisha. Maduka hayo yalianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu serikali ilikiri kwamba watu wa vijijini hawana pengine pa kwenda. Leo tunamlaumu mtu kwa kupita mlango tuliomfungulia wenyewe, baada ya kushindwa kumfungulia mwingine.

Wapo pia wanaojiliwaza kwamba sayansi itatuletea dawa mpya. Ni kweli kwamba udongo na viumbe wake hawajaisha kutoa. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitangaza dawa za jamii mpya, formikamaisini, kutoka kwa Streptomyces formicae aliyepatikana kwa sisimizi wa Kenya wanaoishi ndani ya miiba ya migunga. Ziliua bakteria waliozishinda dawa nyingi za hospitalini. Nani ajuaye kilichomo kwenye vichuguu vya miombo ya Kaliua na Ugalla? Lakini miombo hiyo inakatwa kila msimu kukaushia tumbaku mabanini, na tukiimaliza tutakuwa tumechoma ghala kabla ya kulifungua. Na hata ghala likifunguliwa, somo la griseus linabaki: kila dawa inayotoka udongoni ina mtengenezaji wake, na mtengenezaji ana kinga yake. Tukiipokea dawa mpya kwa njia zilezile chafu, jeni ya kuishinda itaingia kwenye plasmidi na kusafiri kama waliotangulia.

Kwa hiyo kazi ni kuifunga njia, na kazi hiyo ina majina na ina bei. Maji ya bomba na sabuni katika kila zahanati na kila chumba cha kujifungulia cha wilaya, ili mikono ya mhudumu isipitishe bakteria kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine. Vyoo vya shule na vya masoko. Visima vilivyojengewa, mbali na mazizi. Maabara ya kuotesha vimelea katika hospitali ya wilaya, inayotoa majibu mgonjwa akiwa bado hai. Dawa zisizokatika zahanati, ili anayeambiwa amalize awe na cha kumaliza. Chanjo za mifugo kwa wakati, na maofisa mifugo wa kutosha, ili sindano ya OTC isiwe kimbilio la kwanza. Samadi irundikwe na kuozeshwa vizuri kabla haijapelekwa bustanini, maana kuoza kwa joto hupunguza mabaki ya dawa na bakteria wenyewe.

Tanzania ilizindua mpango wake wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017. Mpango huo ulizitaja afya ya binadamu, mifugo na mazingira kwa pamoja, na ni vyema. Lakini mpango hupimwa kwa bajeti, na bango ndilo jambo la bei rahisi kuliko yote katika orodha hii. Ndiyo maana tuna mabango mengi na maabara chache. Kumwambia mgonjwa "ni wewe" hakugharimu kitu, na kunamfanya asiulize kwa nini kituo chake hakina maji.

Nawaomba wananchi wa Kaliua waulize. Waulize kwenye mikutano ya kijiji, wamuulize diwani, wamuulize mbunge: fedha za maji ya zahanati ziko wapi, maabara itaanza lini, ofisa mifugo wa kata yetu ni nani? Wafuate maelekezo ya mtaalamu wanapomeza dawa, wakatae dawa wasizozihitaji, kisha wasimame wadai. Na wenzangu wa sekta ya afya, nawaomba muiache kauli hii ya lawama, kwa kuwa inapingana na sayansi mliyosoma. Daktari akikosea kuutambua ugonjwa hukosea na tiba yake, na sisi tumeukosea usugu kwa miaka mingi kiasi cha kutosha.